Kitufe cha POWER na pesa ya kahawa

Najua kimya kimekuwa kirefu mno. Nilikuwa TP, na kule nilikopangiwa mtandao ulikuwa unashika ukipanda kilimani tu, tena ukisimama upande mmoja. Sasa nimerudi Mlimani, nimekaa kwenye kimbweta, bumu bado halijaingia, kwa hiyo muda wa kuandika ninao. Wengi mmeniuliza senene wako wapi. Jamani, senene msimu wake ni Novemba na Desemba, mimi nilikuwa kule Julai na Agosti. Msiniulize tena!

Leo nataka kuwaandikia habari ya kitufe kidogo ambacho nusura kiwagharimu watu wa nyumbani pesa ya mavuno ya mwaka mzima. Msikimbie mkadhani ni mambo ya mafundi. Nyumbani kwenu kama kuna gari otomatiki ya zamani, habari hii inawahusu.

Kwanza niwaweke sawa kijiografia, maana kuna watu humu wanadhani Kagera ni Bukoba peke yake. Wilaya ya Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Makao makuu ya Kyerwa ni Rubwera, ya Karagwe yamebaki Kayanga. Wazee wengi bado wanasema "huku kwetu Karagwe" hata wakiwa wamekaa Nkwenda, na hakuna anayewabishia. Ni nchi ya migomba, kahawa na milima. Sehemu kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kyaka, pale penye daraja la mto Kagera lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, lami inakupandisha kuelekea Kayanga, na masikio yanaziba kidogo. Mwinuko huo ukumbukeni, nitaurudia.

Nilifikia kwa baba mdogo, upande wa Nkwenda. Baba mdogo ana Suzuki Escudo ya mwaka 2001, otomatiki ya gia nne, injini ya petroli ya lita 2.0 isiyo na tabo. Gari hiyo ni kila kitu. Asubuhi inapeleka watu Kayanga, jioni inarudi na saruji, sukari au mabati. Usiku mama mjamzito akizidiwa, ni hiyo hiyo inayogongewa dirisha. Ikilala gereji siku tatu, kitongoji kizima kinajua.

Basi mwaka huu gari ikawa "haivuti". Ndivyo walivyokuwa wanasema wote, dereva na abiria: gari haivuti. Ikifika kwenye mlima mrefu wa lami ikiwa na mzigo, inaanza kunung'unika, inabadilisha gia, inakaa kidogo, inabadilisha tena, mwendo unashuka. Siku moja bibi mmoja aliyekaa nyuma na kuku wake akauliza kwa upole kabisa, "Waitu, tushuke tusukume?" Watu walicheka, ila baba mdogo hakucheka.

Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini (jina na mji tuviache). Fundi akaiwasha, akaikanyagia mafuta ikiwa imesimama, akasikiliza, akatoa hukumu: injini imechoka, tafuta injini ya mtumba. Shilingi milioni 2.8 pamoja na kuifunga. Hakupima kitu chochote, alitumia sikio tu.

Sasa hapa ndipo moyo wangu ulipopiga paa. Pesa ya kuikaribia hiyo ilikuwepo ndani, ya kahawa, na ilikuwa na kazi yake. Dada yangu, binti wa kwanza wa baba mdogo, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa inatakiwa kabla chuo hakijafunguliwa. Mama mdogo hakusema neno. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Gari ndiyo inayolisha. Chuo kitakuwepo na mwakani." Dada akainuka akaenda nje kuchota maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Mimi nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Siyo fundi. Lakini kwa wiki mbili nilikuwa napanda gari hiyo kila Jumamosi, nakaa mbele, na kuna kitu nilikuwa nakiona. Karibu na mkono wa gia pana kitufe kimeandikwa POWER na NORMAL. Kilikuwa kimewekwa kipande cha gundi ya plasta juu yake kisibonyezwe. Nilipouliza, baba mdogo alinijibu kwamba aliyemuuzia gari alimwonya: hicho kinakula mafuta na kinaua giaboksi, usikiguse. Na kijana mmoja wa pale stendi akadakia kwamba hicho ni tabo, ukikibonyeza injini inaongezewa nguvu mpaka inapasuka.

Hapo ndipo lugha inapotuponza, wadau. Neno POWER tunalitafsiri "nguvu", na "nguvu" kwetu ni kila kitu: nguvu ya ng'ombe, nguvu ya umeme, nguvu ya serikali. Kwa hiyo mtu akisoma kitufe hicho anaelewa kwamba ndani yake kuna nguvu imehifadhiwa, ukibonyeza inamwagika. Hakuna kitu kama hicho. Kitufe hakigusi injini kabisa, kinazungumza na giaboksi.

Haya, tulieni niwape nondo kidogo. Otomatiki za kale kabisa zilibadilisha gia kwa mafuta na springi tupu, bila kompyuta. Miaka ya 1980 Wajapani wakaanza kutia kompyuta. Kompyuta hiyo inaangalia hasa mambo mawili: gari inakwenda kasi gani, na mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani. Halafu inatazama jedwali lililoandikwa kiwandani, linaloiambia "ukiona kasi hii na mguu huu, weka gia hii". Kisha inafungua au kufunga vali ndogo za umeme ndani ya giaboksi, na gia inabadilika.

Sasa siri ni hii: majedwali ni mawili. Jedwali la NORMAL linaharakisha kupanda gia, ili injini izunguke taratibu, kelele ipungue na mafuta yaokoke. Jedwali la POWER linachelewa kupanda gia na linawahi kushuka. Kitufe kinachagua jedwali tu. Kwenye Toyota za zamani kama Hilux Surf mtaona kimeandikwa ECT PWR, kazi ni ile ile.

Kwa nini kuchelewa kupanda gia kunasaidia mlimani? Kwa sababu nguvu ya injini inatokana na msukumo wake ukizidisha na mizunguko yake. Injini ya petroli inayozunguka mara 2,000 kwa dakika haiwezi kufanya kazi ya ile inayozunguka mara 3,500, hata ikiwa ni injini ile ile. Kwenye giaboksi za gia nne kama hizi, gia ya tatu ni moja kwa moja, mzunguko mmoja kuingia na mmoja kutoka. Ya nne, ile ya oveadraivu, inapunguza mizunguko ya injini mpaka kama asilimia 70. Yaani kwa mwendo ule ule, injini iliyokuwa kwenye 3,000 ikiingia gia ya nne inashuka kwenye 2,100. Tambarare ni raha, lakini mlimani na mifuko ya saruji nyuma ni sawa na kumwambia mtu abebe gunia huku amekunja miguu.

Ongezeni na mwinuko niliowaambia mkumbuke. Juu kule hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa mita 1,500 maana yake imeacha kama asilimia 15 njiani. Gari iliyosifiwa Dar es Salaam ikifika Kyerwa inaonekana mgonjwa, kumbe inapumua kwa shida tu kama mgeni.

Na halafu kuna mguu wa baba mdogo mwenyewe. Petroli kule ni ghali kuliko hapa, maana bei kikomo za EWURA zinahesabu na umbali wa kusafirisha, na Kyerwa iko mwisho kabisa wa nchi. Kwa hiyo baba mdogo amejizoeza kukanyaga mafuta kwa adabu, kama anakanyaga yai. Kompyuta inaona mguu mwepesi, inasema "huyu hana haraka", inaweka gia ya nne. Mlima unaikaba, inashuka ya tatu. Inapata nafuu kidogo, inapanda tena ya nne. Ndiyo ile kubadilisha-badilisha ambayo sote tulikuwa tunaisikia.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku kadhaa, tatizo likawa namna ya kuyasema. Wenzangu mliolelewa vijijini mnajua. Huwezi kumwendea mzee aliyeendesha gari kabla hujazaliwa ukamwambia fundi wake amekosea na yeye mwenyewe hajui mguu wake. Utakuwa umesoma, lakini hutakuwa na adabu. Nikazunguka. Nikamwambia, "Baba mdogo, nina kipindi cha fizikia cha kidato cha tatu, mada ya kazi na nguvu. Naomba unisaidie jaribio kwa gari yako. Mafuta nitachangia kwenye posho yangu." Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, mafuta utalipa kweli?" Nikasema kweli.

Kwanza tukakagua yale ya kawaida pamoja na kijana anayemsaidia kuosha gari. Oili ya injini ilikuwa haipungui. Maji hayapungui. Moshi wa bluu hakuna, wala mweupe. Kichujio cha hewa kilikuwa na vumbi la Kyerwa nzima, tukakipuliza na kukirudisha kabla ya kuanza, ili kisije kikachanganya matokeo. Hili nawaambia walimu wenzangu: jaribio ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine viache vilivyo.

Jumamosi moja tukirudi kutoka Bukoba, mifuko sita ya saruji nyuma, watu watatu ndani, tukachagua kipande cha kilomita 4 cha kupanda baada ya Kyaka. Nikachukua saa ya simu na daftari. Baba mdogo nikamwomba akanyage mafuta mpaka nusu na asibadilishe mguu. Tulipanda na kushuka kipande hicho mara nne, watu wa barabarani wakadhani tumepoteza kitu.

Mara ya kwanza, NORMAL kama kawaida: dakika 5 na sekunde 20. Nilihesabu gia imebadilika mara 11.

Mara ya pili, NORMAL lakini tumezima oveadraivu kwa kitufe cha pembeni mwa mkono wa gia, ile taa ya O/D OFF ikawaka: dakika 4 na sekunde 35. Gia ilitulia kwenye ya tatu karibu njia nzima.

Mara ya tatu tukabandua plasta. Baba mdogo alikibonyeza kitufe kama mtu anayegusa waya wa umeme. Taa ya POWER ikawaka kwenye dashibodi. Oveadraivu tukairudisha. Dakika 4 na sekunde 30, gia ilibadilika mara 3 tu. Hakuna kilichopasuka.

Mara ya nne ndiyo niliyokuwa naingojea. Tulizima POWER, tukarudi NORMAL, nikamwomba akanyage mpaka sakafuni. Hakupenda, ila alikanyaga. Gari ikashuka gia yenyewe, injini ikaunguruma, mshale ukapita 4,000, tukapanda kwa dakika 4 kamili. Hii ndiyo iliyofunga mjadala, kwa sababu POWER ilikuwa imezimwa. Injini "iliyochoka" ilivuta kuliko mara zote tatu. Ukikanyaga mpaka mwisho, NORMAL na POWER zinakaribiana sana, maana kompyuta imeshaelewa unataka nini. POWER inakusaidia ukiwa umekanyaga kiasi, inakuelewa mapema bila kusubiri upige kelele.

Na injini ambayo kweli imekufa haifanyi hivyo. Ikifika mizunguko ya juu inazidi kulegea, inatoa moshi, inakunywa oili. Giaboksi ikiwa ndiyo inayoteleza, injini inapiga kelele juu na mwendo hauongezeki. Yetu haikuwa na dalili hata moja.

Baba mdogo aliegesha kule juu, akazima gari. Tulikaa kimya, bonde lote la mto Kagera liko chini yetu. Akasema, "Kumbe inavuta." Basi. Hakuongeza. Mimi nikajifanya naandika kwenye daftari.

Injini haikununuliwa. Yule fundi alipigiwa simu akaambiwa kwa heshima zote kwamba mambo yameahirishwa. Pesa iliyotoka ilikuwa ya kichujio kipya cha hewa na kubadilisha mafuta ya giaboksi, ambayo yalipaswa kuwa mekundu yakawa yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Maana kinachoua giaboksi hizi kwa haraka ni joto. Ile kubadilisha-badilisha gia mlimani na mzigo ndiyo inayoyachemsha mafuta yake, siyo kitufe. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa anaificha POWER ili ailinde giaboksi, huku njia aliyoichagua ndiyo iliyokuwa inaipika. Hilo sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba mafuta yakinuka kuungua abadilishe.

Kwa ajili yenu wenye gari za namna hii nyumbani, nafupisha nilivyowaachia kule:

Tambarare, gari nyepesi, weka NORMAL. POWER hapo itakula mafuta bure, maana injini inazunguka zaidi bila kazi ya kufanya. Mlima mrefu na mzigo, au ukitaka kupita lori, weka POWER kabla hujaanza kupanda, na ukifika juu itoe.

Matope ya mvua kwenye barabara ya udongo, rudi NORMAL. POWER inashuka gia ghafla, tairi zinazunguka, unaishia mgombani.

Kushuka mlima, tafadhalini sana, POWER haiwasaidii. Ukiachia mafuta kompyuta inaweza kupanda gia ya nne hata ukiwa POWER, na gari inabaki mikononi mwa breki peke yake. Hapo zima oveadraivu, na mlima ukiwa mkali punguza mwendo kwanza halafu shusha mkono kwenye 2, hata L. Injini ikushikie gari. Mkisikia harufu ya breki kuungua mnaposhuka Kyaka, mwambieni dereva, msione aibu.

Taa ya O/D OFF ikiwaka bila kupepesa, kuna mtu amebonyeza kitufe tu. Ikipepesa yenyewe, kwenye gari nyingi za aina hiyo kompyuta inalalamika, nendeni kwa fundi anayepima. Na fundi akisema injini imekufa bila kuipima mgandamizo, mwombeni apime. Kipimo cha mgandamizo ni kazi ya muda mfupi na bei yake ni ndogo sana mbele ya milioni 2.8.

Gari za siku hizi nyingi hazina kitufe hiki. Nyingine zimeandikwa SPORT na ECO, nyingine kompyuta inajifunza yenyewe tabia ya mguu wako. Lakini Kyerwa na Karagwe zinatembea bado kwa gari za miaka ile, na zitatembea sana.

Jumatatu yake nilipeleka namba zile darasani, kidato cha tatu. Niliziandika ubaoni bila jina la gari, nikauliza: kwa nini injini ile ile, mlima ule ule, mzigo ule ule, inatoa muda tofauti? Walibishana kipindi kizima. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye tangu nifike alikuwa hajafungua mdomo, akasema, "Mwalimu, nguvu ilikuwepo, gia ndiyo ilikuwa inaikataza." Nikampa chaki aje aandike mwenyewe ubaoni.

Mzee naye hajambo. Juzi kanipigia simu. Alikuwa na abiria, na kabla hajakata nikamsikia anamweleza mtu kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba kuna majedwali mawili kwenye kompyuta, "wengi hawajui". Nilicheka peke yangu hapa kimbweta mpaka jamaa wa meza ya pili wakanigeukia. Halafu akampa simu dada anisalimie. Yuko chuoni, wiki ya tatu sasa, anasema sare nyeupe zinachafuka haraka na anatomia ina maneno magumu. Nimemwambia akomae.

Haya wadau, naenda maktaba, kuna kazi ya saikolojia ya elimu ya kukusanya kesho na sijaandika hata utangulizi. Tuko pamoja.